Spea Umenunua kwa Nani?

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kaunta ya mwenye duka. Nikaligeuza boksi la Catan, mchezo wa mezani, nikaielekeza kamera ya simu kwenye ile mistari myeusi ya bei, nikasubiri. Kibandiko cha dukani kilisema dola 42. Simu ikasema 29, na mzigo unaletwa hadi mlangoni bure. Nikalirudisha boksi kwenye rafu taratibu, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka.

Ilikuwa 2014, mjini Columbus, jimbo la Ohio, mwaka wangu wa pili Marekani. Duka lenyewe lilikaa kati ya dobi na saluni ya kucha, na liliuza michezo ya mezani, karata, dadu, vikaragosi vya kupaka rangi, vitu vya namna hiyo.

Sikuona aibu hata kidogo. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, na kwetu bei ya kwanza ni salamu tu, mazungumzo yanafuata. Unauliza bei ya mwisho, unageuka kuondoka, unaitwa, mnakutana katikati. Huku kibandiko kikishabandikwa hakijibu. Simu ndiyo ikawa inapatana kwa niaba yangu. Nilikuwa nafagia maofisi usiku, na nyumbani wanasubiri ada ya shule ya wadogo zangu. Ukiongeza kodi ya mauzo, ambayo kwenye kaunti yetu ilikuwa asilimia 7.5 na muuzaji wa kwenye simu hakuitoza, niliokoa zaidi ya dola 16. Hizo zilikuwa na kazi zake.

Mwenye duka alikuwa na miaka sitini na ushee, ndevu nyeupe, miwani ya kuning'inia na kamba. Nilikuwa namwita Mzee. Nilipomweleza maana yake alifurahi, wateja wengine nao wakalidaka, na kuna waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Siku ile aliniona. Mtu aliyekaa kaunta miaka ishirini anamjua mpiga picha wa bei hata akimpa mgongo. Hakusema kitu mpaka nilipofika mlangoni: "Likifika na kasoro, lilete tulitazame."

Likafika na kasoro. Katika Catan kila mchezaji ana barabara 15, makazi 5 na miji 4. Za rangi ya chungwa nilikuta barabara 14. Nilizihesabu mara tatu juu ya godoro. Kurudisha boksi zima kwa ajili ya kijiti kisichofika urefu wa kidole ni kichekesho, kwa hiyo Ijumaa nikaenda nimejikunyata. Mzee akatoa chini ya kaunta kopo la siagi ya karanga lililojaa vipande yatima vya michezo ya kila aina, akavimwaga kwenye trei, akavipekua kwa kidole kimoja kama mtu anayechambua mchele. Akaipata. Nikamuuliza ni shilingi ngapi, maana ulimi ulirudi nyumbani wenyewe. Akasema hiyo haina bei. Nikanunua soda ya dola moja na nusu, wala sikuifungua.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mchezo wenyewe alinifundisha yeye. Dukani kulikuwa na meza nane, na rafu ya maboksi yaliyofunguliwa kwa ajili ya kuchezea, kona zake zimezibwa kwa solotepu, kadi zimelainika kwa mikono ya watu. Ijumaa tatu mfululizo nilikaa pale kucheza Catan, mchezo uliobuniwa na Mjerumani Klaus Teuber, mtu wa maabara ya meno, ukatoka 1995. Unajenga kisiwani, na kwa kuwa huwezi kupata kila kitu mwenyewe, lazima ubadilishane na wenzako: tofali kwa kondoo, ngano kwa mbao. Nilijikuta nyumbani. Mzee alisema hajaona mtu akimuuza kondoo mmoja kwa maneno mengi kiasi kile. Nikaupenda mchezo juu ya meza yake, kwa taa yake, kwa muda wake, kisha pesa nikampelekea mtu ambaye sitamwona maisha yangu yote.

Mwaka uliofuata nikaanza kumsaidia Jumamosi, na ndipo nilipoonyeshwa hesabu. Lile boksi la dola 42 yeye alilinunua kwa msambazaji kwa dola 23 hivi. Akiliuza kwa bei elekezi, anabaki na 19. Hizo 19 ndizo pango, umeme, bima, mshahara wangu, na karatasi ya chooni, ambayo wacheza karata wanaitumia kwa kasi isiyoelezeka. Akiliuza kwa bei ya simu anabaki na dola 6, na kampuni ya kadi za benki inachukua karibu moja katika hizo. Zipo siku tulizolinganisha bei ya rejareja ya mtandaoni na ankara yetu ya jumla tukakuta rejareja iko chini. Mzee alikuwa anaikunja ankara mara nne, anaitia mfukoni, anakwenda kufagia.

Alikuwa mfuatiliaji wa sheria kuliko nilivyodhani muuza dadu angekuwa. Ndani ya droo alihifadhi vipande vya magazeti. Kimoja kilihusu kesi ya Quill ya 1992, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na ofisi wala mtu ndani ya jimbo hilo kukusanya kodi ya mauzo. Ndiyo maana simu yangu haikunitoza. Kingine kilikuwa cha Juni 2007, kesi ya Leegin, kampuni ya mikanda na mikoba ya ngozi. Majaji watano dhidi ya wanne waliifuta kanuni ya tangu 1911 iliyomkataza moja kwa moja mtengenezaji kumpangia muuzaji bei ya chini kabisa ya kuuzia. Jaji Anthony Kennedy, aliyeiandika hukumu, alimtaja mteja anayehudumiwa na kuelekezwa katika duka moja, kisha akaenda kununua kwa mpunguza bei ambaye hakugharimia lolote katika hayo. Mzee aliniwekea kidole kwenye aya hiyo na kunitazama juu ya miwani. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu nipige picha lile boksi.

Baada ya hukumu hiyo baadhi ya wachapishaji wa michezo walijaribu kuzuia maji kwa mikono. Mwishoni mwa 2015 Asmodee ya Ufaransa, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imezichukua kampuni za michezo za Days of Wonder na Fantasy Flight, ilitangaza masharti mapya kwa Marekani: mwenye duka la kawaida asiuze bidhaa zake mtandaoni bila idhini maalumu. Games Workshop ya Uingereza, wenye Warhammer, mchezo wa vita wa vikaragosi, wao walikuwa wameshawakataza wauzaji wa Marekani kuweka kikapu cha kununulia kwenye tovuti zao. Tukapumua kwa muda. Lakini ukimfungia mmoja dirisha, mwingine anapata mzigo kwa njia nyingine, tena wateja wetu walikasirika, wakaona tumekula njama na wachapishaji. Mzee alipenda kuitaja Ufaransa, ambako tangu 1981 sheria hairuhusu kitabu kipya kupunguzwa zaidi ya asilimia 5. Nikimkumbusha kwamba michezo si vitabu hata huko Ufaransa, ananiambia nimwache aote.

Halafu 2016 nikapata kazi kwenye ghala la muuzaji wa mtandaoni, nje ya mji. Usiku nne kwa wiki nafunga mizigo, Jumamosi nasimama kaunta kwa Mzee. Nikawa popo, si ndege si mnyama.

Ghala lilinifundisha jambo ambalo duka lisingenifundisha. Boksi la mchezo lilikuwa linapita mkandani baina ya nepi na chakula cha mbwa. Pale hakuna aliyehitaji faida ya mchezo. Bei ilipangwa na programu, ikibadilika mara kadhaa kwa siku bila mtu kuigusa, na kama boksi la dola 60 likiuzwa kwa hasara ili mteja arudi kununua nepi mwaka mzima, hewala. Mzee hakuwa na nepi. Alikuwa na dadu.

Na jinsi tulivyoyafunga! Boksi lililochorwa na msanii kwa miezi linatumbukizwa kwenye bahasha ya plastiki bila hata karatasi ya kulikinga, skana inalia, sekunde zinahesabiwa, lifuatalo. Likifika limebonyea kona, mteja analirudisha, linatupwa, anatumiwa jingine. Jirani yangu wa mkandani, Mkongo wa Uvira, siku ya kwanza alilishika boksi moja zito, akasoma bei kwenye skrini, akanigeukia: "Ndugu yangu, batu banalipa makuta hii yote juu ya kucheza tu?" Nikamwambia aje Ijumaa ajionee. Akaja, akafilisiwa kondoo wote, na hakukosa tena.

Usiku mmoja nikasoma kibandiko cha anwani nikaganda. Lilikuwa jina la mtu wa meza yetu, kijana wa kila Ijumaa, yule ambaye Mzee alimlipia pizza siku aliyofukuzwa kazi. Ndani kulikuwa na mchezo ambao Jumamosi iliyopita nilimwelezea mimi mwenyewe kwa dakika arobaini, nikamfungulia boksi la maonyesho, nikampangia vipande. Sikuweza kumlaumu, maana kioo ninacho. Nilichofanya ni kutafuta karatasi mbili za kukinga kona, kinyume cha utaratibu, nikaufunga mzigo vizuri kuliko yote niliyofunga usiku ule. Ijumaa akaja nao, akaufungua juu ya meza ya Mzee, akausifia ulivyofika salama. Mkongo alinikanyaga mguu chini ya meza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli barabara ya nane, na Tanga baiskeli ni kama viatu. Mbele ya kibanda chake aliuza spea: tairi, mnyororo, breki, spoku. Vijana walikuwa wananunua tairi kwa mchuuzi wa sokoni asiye na kibanda wala leseni, kisha wanaileta kwake aifunge. Mjomba anauliza bila kuinua kichwa, "Spea umenunua kwa nani?" Ukimtaja mwingine, "Basi na ufundi kamtafute huyohuyo." Ukikaa hapo umenuna vya kutosha anakutajia bei ya kufunga, nayo ni mara mbili ya anayolipa mtu aliyenunua kwake. Watu walimsema ana roho ya korosho. Kibanda kilisomesha watoto watano.

Nilimsimulia Mzee hadithi hiyo jioni tukifunga hesabu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanyamaza muda mrefu. Yeye alikuwa amefunga matairi ya watu bure miaka ishirini, na gharama ya ufundi ameificha ndani ya bei ya tairi. Maadamu tairi zilipatikana kwake tu, hakuna aliyegundua. Simu ilipokuja ikaitenganisha tairi na ufundi, watu wakachukua tairi kwingine na ufundi wakaendelea kuuchukua kwake. Sioni kwamba walikuwa wabaya. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba meza ina bei.

Kwa hiyo 2017 tukaanza kutoza dola 5 kwa anayekaa mezani, na ukinunua kitu siku hiyo zinakatwa kwenye bei. Nilidhani ni akili kubwa. Juma la kwanza tulipoteza kundi zima la watu sita, wakasema duka limekuwa la kichoyo, wakahamia sebuleni kwa mmoja wao. Mzee hakuweza kudai. Alinunua bakuli, akaliweka mwisho wa kaunta, akajifanya anapanga rafu kila mtu anapoingia. Kudai ikawa kazi yangu, na nilikuwa na lafudhi, ngozi na kimo cha mtu ambaye baadhi yao hawakupenda kudaiwa naye. Kuna miezi bakuli lililipa umeme. Kuna miezi nilikuta vifungo vya shati ndani yake.

Lakini nisimfanye Mzee malaika wala duka pepo. Mara yangu ya kwanza kuingia pale, vijana wawili waliniuliza kama nimepotea, dobi ni mlango wa pili. Mwanamke akija peke yake aliulizwa anamnunulia nani zawadi. Rafu ya nyuma ilikuwa na maboksi ya tangu enzi za Clinton, vumbi lake lingeweza kuota mchicha, na bei elekezi haijashuka senti. Dada mmoja niliyekutana naye ghalani aliniambia ananunua kwenye simu kwa sababu simu haimuulizi maswali. Nilimfikishia Mzee maneno hayo. Alibisha siku mbili, siku ya tatu akawaita wale vijana nje. Lazima niseme pia kwamba nusu ya watu wapya waliokuja miaka ile walikuwa wameshanunua mchezo wao wa kwanza kwa punguzo mtandaoni. Punguzo liliwaleta. Shida ni kwamba walipofika walikuwa wameshajua bei zote isipokuwa ya meza.

Juni 2018 Mahakama Kuu ikaifuta Quill katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, watano kwa wanne tena, na majimbo yakaanza kuwadai kodi wauzaji wa mbali. Mzee alibandika gazeti ukutani. Ilikuwa imechelewa miaka mingi, tena asilimia 7.5 haikuwa kitu mbele ya punguzo la asilimia 30, lakini alinunua keki.

Ya Machi 2020 nayapita haraka. Tarehe 23 usiku Ohio ikafungwa kwa sababu ya korona, tukapindua viti juu ya meza. Ghala likaomba watu wafanye saa za ziada, mshahara wangu ukapanda wiki ileile Mzee alipoanza kupeleka maboksi majumbani kwa gari lake. Jumapili nilimwendeshea. Watu walinunua kwa bei kamili kwa miezi mitatu hivi, wakiacha na barua za upendo kwenye vibaraza. Huruma nayo huisha muda, kama maziwa.

Januari 2023 akafunga. Simu haikumuua peke yake: mwenye nyumba alipandisha pango, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Tukabandika tangazo la asilimia 40 kwa kila kitu. Asubuhi ya Jumamosi foleni ilipita mlango wa dobi. Wengi sikuwahi kuwaona, na wengine niliwaona sana ila bila boksi mkononi. Walisimama kati ya rafu na simu zao, wanapiga picha ile mistari, na kwa mara ya kwanza simu zikashindwa. Saa nane mchana rafu zilibaki na alama za vumbi za miraba mahali maboksi yalipokuwa. Bwana mmoja, mikono imejaa mpaka kidevuni, alimuuliza Mzee kwa nini hakuwa na bei hizi siku zote. Mzee akamuuliza kama anahitaji mfuko.

Nilinunua meza moja kwa dola 20. Tuliibeba na Mkongo wangu hadi gereji yangu, miguu juu. Chini yake tulikuta bazoka zilizokauka za miaka na kadi moja ya ngano imepachikwa ufani, bila shaka na mwizi. Kopo la siagi ya karanga Mzee alinipa bure.

Ijumaa tunakaa watu saba au wanane gerejini, hita moja, viti vya aina nane. Mwezi wa pili Mzee alikuja na kiti chake cha kukunja kwapani. Kabla hajakaa akaweka noti ya dola 5 karibu na kopo. Nikamrudishia. Akaikataa, akalichukua boksi la mchezo mpya tuliokuwa tumeufungua, akaligeuza kutafuta kibandiko cha bei, akanitazama juu ya miwani na kuniuliza, kwa Kiswahili cha kuungaunga alichokihifadhi tangu ile jioni: "Spea... nunua kwa nani?"

Mkongo akaanza kugawa kadi.